Mabao ya Nyuma ya Nguzo

Uongozi wa uwanja unapenda kuwatangazia wadau wote wa michezo, waandishi wa habari na umma kwa jumla kwamba, kuanzia Jumamosi ijayo, ambayo ni ya kwanza ya msimu, kiti cha mtangazaji wa redio kilichopo jukwaa kuu kitasogezwa kuelekea kushoto kwa kiasi cha upana wa jokofu moja. Uongozi unatanguliza radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza, ingawa hautarajii kuwa utajitokeza.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye lango la wachezaji, kwenye lango la watazamaji na, kwa sababu ambazo hazikuelezwa, ndani ya choo cha waamuzi. Lilikuwa na saini na mhuri. Jokofu lililotajwa lilinunuliwa kwa ajili ya mgeni rasmi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwekewa maji ya uvuguvugu mbele ya umma, jambo ambalo uongozi ulikuja kuliona kuwa ni fedheha. Soketi ya umeme katika jukwaa kuu ilikuwa moja tu, na ilikuwa nyuma ya kiti cha mtangazaji. Haikuchukua muda, basi, kuamua ni nani angehama kati ya mtangazaji na jokofu. Mtangazaji alitumia betri.

Mwenyewe alilisoma tangazo akaona halina neno. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, na wasikilizaji, ambao wengi wao hawakuwahi kumwona, walimwita Jicho. Siku ya Jumamosi alifika mapema kama ilivyokuwa desturi yake, akafuta vumbi mezani kwa leso, akaketi, na hapo ndipo alipogundua kwamba kati yake na lango la kaskazini palikuwa na nguzo.

Nguzo hiyo haikuwa ngeni. Ilikuwa ikibeba paa la jukwaa tangu uwanja ulipojengwa. Kilichobadilika ni uhusiano wake na mtangazaji. Kutoka kwenye kiti kipya aliliona lango la kusini lote, pamoja na nyavu na kiraka cha nyavu. Aliuona mstari wa katikati. Baada ya hapo aliona saruji. Alijaribu kukisogeza kiti, lakini kiti kilikuwa kimefungwa sakafuni kwa boliti kwa sababu kilichokitangulia kiliibwa. Kipaza sauti kilikuwa kimefungwa mezani kwa sababu hiyo hiyo, na meza ilikuwa imefungwa kwenye kiti ili visitengane. Alichobakiwa nacho ni shingo, na shingo yake ilikuwa fupi.

Kipindi cha kwanza kilipita salama. Timu ya nyumbani ilikuwa na mazoea, makongwe kuliko kocha wake, ya kulishambulia lango la kusini kabla ya mapumziko na la kaskazini baada ya mapumziko. Hakuna aliyekumbuka sababu, na timu ngeni hazikuwa na sababu ya kubisha. Jicho akatangaza kona, akatangaza mpira uliopanguliwa, akamtangaza kipa aliyelala chini akidai ameumia ilhali hakuna aliyemkaribia. Kipindi cha pili kilipoanza, timu zikabadilishana malango, na wasikilizaji wakasikia jambo ambalo hawakuwahi kulisikia.

“Anaukokota mpira, anampita wa kwanza, anampita wa pili, anaingia nyuma ya nguzo.”

Kisha uwanja mzima ukalipuka. Watu walirukaruka mpaka vumbi likadondoka kutoka darini na kutua kwenye karatasi zake.

“Kuna shangwe,” Jicho akasema kwa utulivu. “Sababu yake sijaiona.”

Ili kumwelewa mtu anayeweza kutamka maneno hayo kwenye redio bila sauti kutetemeka, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Jicho hakuanza na mpira. Alianza na vifo. Alipoajiriwa redioni akiwa kijana, kazi yake ilikuwa kusoma matangazo ya misiba kabla ya taarifa ya habari ya mchana, na aliisoma vizuri, kwa sauti ya chini yenye heshima, kiasi kwamba kulikuwa na watu waliosikika wakitamani kusomwa naye. Siku moja alisoma kifo cha bwana mmoja kama kilivyoletwa na ndugu zake. Bwana huyo alikuwa mezani kwake akinywa chai. Alifika kituoni akiwa bado ameshika kipande cha mkate, hakuwa na hasira, akaomba tu taarifa irekebishwe kabla mkewe hajarudi kutoka sokoni. Mkurugenzi wa enzi hizo alimpokea kwa adabu, akamweleza kwamba kituo kilikuwa na utaratibu wa kutangaza vifo lakini hakikuwa na utaratibu wa kutangaza uhai. Yule bwana aliishi miaka mingi baada ya hapo, ingawa baadhi ya majirani hawakumwitikia salamu tena.

Kijana akaomba ahamishiwe michezoni, mahali ambapo mtu akianguka humwagiwa maji akainuka. Akajiwekea sharti moja: asichokiona kwa macho yake hakitapita kinywani mwake. Sharti hilo lilimjengea jina. Watangazaji wenzake walipiga chuku, wakageuza kila shuti kuwa kombora na kila kipa kuwa chui. Yeye alisema mpira umetoka, na ulikuwa umetoka. Walikuwepo mashabiki waliokuja uwanjani na redio zao masikioni, wakautazama mchezo kwa macho lakini wakasubiri kumsikia yeye kabla ya kuamini.

Mchezo ule ulipokwisha, alifunga matangazo hivi: “Kwa mujibu wa mwamuzi, timu ya nyumbani imeshinda mabao mawili kwa bila. Kwa mujibu wa macho yangu, hapana aliyefunga. Jioni njema.”

Jumamosi zilizofuata alifunga matangazo vivyo hivyo, na ligi haikudhurika. Ligi ilifuata kitabu cha mwamuzi, na kitabu cha mwamuzi kilikuwa sahihi. Aliyedhurika alikuwa mtu mmoja tu, na kwa bahati mbaya mtu huyo alikuwa amemwoa binti wa mtangazaji.

Mkwe huyo alikuwa mshambuliaji, na mashabiki walimwita Nusu Pafu. Alikuwa na mapaja kama magogo na shabaha ambayo hata wapinzani waliisifu, lakini pumzi yake ilitosha kipindi kimoja tu. Kikizidi, alikaa chini popote alipokuwa, hata kama ni katikati ya uwanja, na kusubiri dunia itulie. Kocha, ambaye alikuwa mtu wa busara, hakupigana na maumbile. Alimweka benchi kipindi cha kwanza, akamwingiza kipindi cha pili wapinzani wakiwa wamechoka. Kwa hiyo Nusu Pafu alicheza kipindi cha pili siku zote, akashambulia lango la kaskazini siku zote, na mabao yake yote, bila kubakiza hata moja, yalikuwa upande wa saruji.

Hilo lisingekuwa na uzito kama mwenyekiti wa klabu angekuwa anakuja uwanjani. Mwenyekiti alikuwa na shinikizo la damu, na daktari wake alimpiga marufuku kuutazama mpira. Kuhusu kuusikiliza, daktari hakusema neno, na mwenyekiti hakumkumbusha. Kila Jumamosi alijifungia ndani ya gari lake, limeegeshwa uani kwake, madirisha yamepandishwa, kiti kimelazwa, redio imewashwa. Huko ndiko alikoiongozea klabu.

“Msimu huu sijamsikia huyu bwana akifunga hata mara moja,” alimwambia kocha. “Nasikia anaingia. Nasikia anakokota. Halafu nasikia amepotea. Mimi klabu siiendeshi na watu wanaopotea.”

“Mwenyekiti, anafunga. Uliza mtu yeyote aliyekuwepo.”

“Kila aliyekuwepo ana timu yake. Asiye na timu ni Jicho peke yake. Na tena ni baba mkwe wake! Kama kungekuwa na chembe ya bao, si angeisema?”

Kocha akaaga, kwa kuwa hoja ilikuwa nzuri.

Mkataba wa Nusu Pafu ulikuwa unaelekea ukingoni. Klabu ikimwacha, hakuna klabu nyingine ambayo ingemchukua mchezaji wa umri wake anayefanya kazi nusu ya muda, na yeye, tangu utotoni, hakujifunza kitu kingine chochote isipokuwa kuupeleka mpira mahali ambapo kipa hayupo. Hakuwa na ufundi wa mkono. Hakuwa na maneno. Mke wake alieleza jambo hilo mbele ya wazazi wake siku ya Jumapili, wakati wa chakula cha mchana, akiwa ameshika mwiko kama mtu anayeongoza kwaya.

“Baba, jana mume wangu kafunga mawili.”

“Nimeambiwa.”

“Umeambiwa? Kwani hukuwepo?”

“Nilikuwepo, mwanangu. Na nguzo ilikuwepo.”

“Hiyo nguzo unavyoitaja,” mama akadakia kutoka upande wa pili wa meza, “mwenzio nitaanza kuona wivu.”

Nusu Pafu alikuwa akila macho chini, kama ilivyompasa mbele ya wakwe. Aliweka kijiko, akafuta mdomo, akakohoa.

“Baba, naomba radhi kukuuliza. Kelele ulizisikia?”

“Nilizisikia vizuri, mkwe wangu. Na wiki iliyopita nilisikia ngurumo. Nguo zikakauka.”

“Jina langu walikuwa wanaliimba, baba.”

“Waliliimba pia ile siku uliyojigonga kwenye bango la sabuni.”

Mkwe akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa kweli, waliimba kwa muda mrefu sana.

“Sasa wewe unataka nini?” mama akamgeukia mumewe. “Unataka mpaka mkweo akuletee nyavu nyumbani? Mtu mzima mwenzangu, neno lenyewe ni moja tu. Goli. Hata mtoto mchanga analiweza.”

“Ndiyo maana sitaki kulisema ovyo.”

“Baba,” binti akasema, na safari hii aliweka mwiko chini, “wakimwacha, hachezi tena. Unaelewa? Hatacheza tena mahali popote. Akiamka asubuhi atakuwa mtu tu.”

Jicho alimtazama mkwe wake. Mkwe alikuwa akikitazama kijiko. Hakuna aliyemaliza chakula, na mama akafunika sahani kwa hasira, moja baada ya nyingine.

Isidhaniwe kwamba mzee alikaa na mikono mapajani. Jumatatu asubuhi alikwenda kwa meneja wa uwanja, ambaye ofisi yake ilikuwa chini ya jukwaa na ilijaa bendera za kona, mashine ya kukatia nyasi na kalenda ya mwaka uliopita.

“Bwana meneja, nakuomba friji lile lisogee kidogo tu.”

“Mzee wangu, friji halisogei. Waya wake mfupi.”

“Basi kiti changu kiende kushoto zaidi, niivuke nguzo.”

“Hapo kushoto zaidi ni kochi la mgeni rasmi.”

“Mgeni rasmi mara ya mwisho alikuja lini?”

“Hilo ndilo linalotuweka roho juu, mzee. Anaweza kuja wakati wowote.”

“Na maji ya baridi, akija, atakunywa?”

“Hanywi. Ana tonsili.” Meneja akaeneza mikono yake, kama mtu aliyefanya yote yaliyo ndani ya uwezo wake. “Lakini akiyataka, yapo.”

Jicho akauliza kama nguzo yenyewe inaweza kuondolewa. Meneja akamjibu kwamba inawezekana kabisa, ila paa lingeondoka nayo. Waliagana kwa heshima.

Fundi mitambo, mtu mwembamba aliyekaa sakafuni pembeni ya mtangazaji na kusikiliza kila kitu kupitia visikizi, alikuwa na wazo lake. Angesimama yeye upande wa pili wa nguzo, aone, kisha anyooshe kidole gumba. Jicho alilifikiria wazo hilo usiku mzima na kulikataa. Akitangaza kidole gumba, alisema, wasikilizaji wataambiwa kuhusu kidole gumba.

Wakati huohuo mwenyekiti alitoa neno la mwisho. Jumamosi inayokuja ndiyo Jumamosi. Akisikia kwa masikio yake, kutoka kinywani mwa Jicho, kwamba Nusu Pafu amefunga, mkataba utaongezwa. Asiposikia, waachane kwa amani na picha ya pamoja.

Aliyeleta ufumbuzi ni mama. Ijumaa jioni alikuwa amesimama mbele ya meza yake ya kujipambia, meza aliyokuja nayo alipoolewa, akifungua skrubu za kioo kwa kisu cha mezani.

“Unafanya nini, mke wangu?”

“Utakiweka mbele yako, kwenye reli ya jukwaa, kigeuzwe kidogo. Utaliona lango lote.”

“Hicho ni kioo. Nitakuwa naona picha ya lango.”

“Kila asubuhi unanyoa ndevu kwenye kioo hiki. Siku gani umeniambia uso ule si wako?”

Jicho alikwenda bafuni, akakaa huko muda mrefu akijitazama kwenye kile kidogo cha ukutani. Aliporudi alisema tu kwamba shuka la kukifungia liwe safi.

Jumamosi fundi mitambo alikining'iniza kioo kwenye reli kwa waya, akakielekeza huku Jicho akimwongoza: kidogo juu, kidogo chini, hapo. Kilikuwa kioo kizuri, chenye maua yaliyochongwa pembeni, na ndani yake, kati ya ua na ua, likaonekana lango la kaskazini lote na kipa wake. Mzee alilitazama kama mtu aliyekutana na ndugu wa siku nyingi. Aliwaonya wasikilizaji, kwa ajili ya uaminifu, kwamba katika kipindi cha pili kushoto kwao kungekuwa kulia kwake, na aliye na shaka ageuze redio.

Kipindi cha kwanza kilikwisha bila bao. Baada ya mapumziko Nusu Pafu akaingia, akashangiliwa, akafunga kamba za viatu mara mbili. Jua lilikuwa limeshuka na lilikuwa likiingia jukwaani moja kwa moja, kwa kuwa jukwaa kuu lilijengwa na mtu aliyetaka wageni rasmi wapigwe picha vizuri. Mpira ukapigwa mrefu kutoka nyuma. Nusu Pafu akautuliza kwa kifua.

“Ameutuliza,” Jicho akasema, na fundi mitambo akainua uso, kwa sababu sauti ya mzee ilikuwa imepanda kidogo. “Anaingia eneo la hatari. Namwona. Wasikilizaji, namwona. Anapiga. Goli! Goli la mkwe wangu! Nimeliona!”

Kule uani, mwenyekiti alipiga honi mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia. Binti, aliyekuwa jukwaa la mzunguko na mama yake, alimkumbatia mwanamke asiyemfahamu. Na kipa wa wageni alikuwa bado amesimama palepale alipokuwa, mikono miwili imefunika macho, akilia kwamba amepofuka.

Ilibainika upesi. Mwanga wa jua uligonga kioo cha mama, ukaruka, ukamjia kipa usoni wakati mpira ukiondoka mguuni mwa mshambuliaji. Mshika kibendera alikuwa ameuona mwali wote, kuanzia jukwaani hadi kwenye paji la uso. Mwamuzi akakimbia mpaka chini ya jukwaa kuu, akamnyooshea kidole Jicho, akapunga mikono miwili mbele ya kifua. Bao halikuwa bao.

Mtangazaji aliyaona hayo yote, tena kwa macho matupu, kwa kuwa mwamuzi alisimama upande wa kusini. Hakuwa na pa kujificha.

“Bao limekataliwa,” akasema. “Kosa ni la kioo.”

Polisi wawili walipanda ngazi, wakakifungua kioo, wakakibeba kama jeneza dogo. Mmoja alijitazama kidogo njiani, akaweka kofia sawa. Saruji ikarudi. Mchezo ukaendelea kwa filimbi, na kwa muda mrefu Jicho akawa akitangaza mgongo wa kipa wa nyumbani, ambaye hakuwa na kazi yoyote, na ambaye alielezwa kwa undani ambao hakuwahi kuelezwa tena maishani.

Zikiwa zimebaki dakika chache, Nusu Pafu, ambaye kwa kawaida saa hiyo huwa tayari anatafuta pa kukaa, alionekana kwenye mstari wa katikati akiwa na mpira. Alikuwa akihema kwa mdomo wazi. Alimtazama mzee, au alilitazama jukwaa. Kutoka pale isingewezekana kujua. Kisha akaondoka.

“Anakwenda,” Jicho akasema. “Amempita mmoja. Anakwenda bado. Sijui pumzi ameitoa wapi. Amempita kiungo, amempita nahodha wao, yuko peke yake, yuko...” Akanyoosha shingo yake fupi mpaka mshipa ukasimama. “Yuko nyuma ya nguzo.”

Uwanja ukalipuka kwa namna ambayo nguzo yenyewe ilitikisika. Vumbi likamwagika mezani. Watu wakaanza kuimba jina moja, wote pamoja, upande huu na upande ule, na hata mgongo wa kipa wa nyumbani ulikuwa umeruka juu. Fundi mitambo alivua visikizi, akapiga magoti, akaunganisha viganja.

“Mzee, sema. Mzee wangu, sema tu. Sikiliza mwenyewe!”

Jicho alikisogelea kipaza sauti. Midomo yake ilijiweka tayari kwa herufi ya kwanza. Katika gari uani, mwenyekiti aliongeza sauti na kuzuia pumzi, jambo ambalo daktari hakulikataza kwa sababu hakulifikiria.

“Wasikilizaji,” ikasikika sauti, ya chini, ile ya zamani ya matangazo ya misiba. “Nataka kuona. Sijaona.”

Jumatatu kikao kiliitishwa katika ofisi ya mkurugenzi wa redio. Walihudhuria mkurugenzi, meneja wa uwanja, mwenyekiti wa klabu aliyefika na mashine ya kupimia presha, mtangazaji, na mkwe wake aliyekalishwa karibu na mlango. Chai ililetwa. Mkurugenzi, mtu aliyesoma sana na aliyependa ijulikane, alifungua kwa kumwuliza Jicho kama neno goli lilikuwa gumu kulitamka.

“Si gumu, mkurugenzi.”

“Uwanja mzima ulikuwa unajua.”

“Ulijua. Uwanja haukuajiriwa na kituo.”

“Kwa hiyo unakubali mkwe wako alifunga?”

“Kama baba mkwe, nakubali tangu mwanzo, na nampongeza.” Akageuka kidogo kuelekea mlangoni. “Hongera, mkwe wangu. Kama mtangazaji, sina taarifa.”

“Asante, baba,” Nusu Pafu akasema, na ilionekana kwamba alishukuru kwa dhati.

Mwenyekiti akajifungua kitambaa cha mashine mkononi. “Mimi niko katika hali ngumu. Nimemsikia akifunga mara moja, na hilo limekataliwa. La pili watu wote wananiambia ni bao zuri kuliko yote ya msimu. Wananiambia! Mke wangu naye huniambia mambo mengi. Nikimwacha, nitasemwa nimeacha mfungaji. Nikimbakiza, nitakuwa nimembakiza mtu ambaye msimu huu redioni hajafunga.”

“Si mzee ahamie upande wa pili wa nguzo wakati wa mapumziko?” meneja wa uwanja akauliza, na kwa muda mfupi palikuwa na hatari ya jambo hilo kwisha.

“Mtu wa umri wake hatuwezi kumhamishahamisha kama kiti,” mkurugenzi akamkata. “Tuwe na utu.”

Wakashauriana. Jicho na mkwe wake waliombwa wasubiri kwenye korido, wakakaa kwenye benchi moja bila kutazamana, kama wagonjwa wa daktari mmoja.

“Lilikuwaje?” mzee akauliza.

“Baba?”

“Hilo la mwisho. Lilikuwaje?”

Nusu Pafu alifikiri. Maneno, kama ilivyosemwa, hakuwa nayo. Alisimama, akaweka kikombe cha plastiki sakafuni, akarudi nyuma, akaonyesha bega lilivyokwenda kulia na mguu ulivyokwenda kushoto, akakipiga kikombe kwa upande wa ndani wa kiatu. Kikombe kilipita chini ya benchi, kikagonga ukuta wa mwisho wa korido, kikazunguka, kikatulia. Mzee alikitazama mpaka kiliposimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Hapo,” akasema, “kipa angefanya nini? Hakuna.”

Mlango ukafunguliwa. Waliitwa ndani, na mkurugenzi akasoma uamuzi akiwa amesimama.

Kikao kimetambua kuwapo kwa nguzo. Kikao kimempongeza mtangazaji kwa uaminifu wake, na kimeona ni haki asaidiwe. Kuanzia Jumamosi ijayo ataajiriwa mtangazaji wa pili, atakayeketi upande wa kaskazini wa nguzo, mahali ambapo lango la kaskazini linaonekana vizuri na la kusini halionekani. Kwa kuwa kipaza sauti ni kimoja, kitafunguliwa boliti wakati wa mapumziko na kuhamishwa, ili kila mtangazaji apate kipindi chake. Kwa kuwa kipindi cha pili ndicho chenye uzito, na kwa kuzingatia utumishi wa muda mrefu, mtangazaji mkongwe amepewa heshima ya kutangaza kipindi cha pili kutoka kwenye kiti chake cha sasa, na mtangazaji mpya atatangaza kipindi cha kwanza. Mkataba wa mshambuliaji unaongezwa hadi mwisho wa msimu, kwa sharti kwamba afunge angalau bao moja litakalotangazwa. Na ili asije akalalamika kwamba hakupewa nafasi, kocha ameagizwa kumwingiza kila mchezo, bila kukosa, mara tu baada ya mapumziko.